Chumba cha Wageni cha Mwenyekiti

Siku wifi yake alipopiga simu kuomba msaada, Fundi alikuwa na pini nne mdomoni, na hakuzitoa. Aliiweka simu juu ya meza ya kukatia, akabonyeza spika, akaendelea kubana pindo la gauni huku akisikiliza. Pini mdomoni zina faida yake: hata ukifurahi kupita kiasi, huwezi kucheka.

"Wifi, upo?"

"Mmh."

"Nina kijishughuli hapa nyumbani. Kile chumba cha wageni. Nasikia siku hizi unawapangia watu nyumba zao."

"Mmh."

"Kidogo tu, wifi. Saa mbili tatu hivi. Jumamosi wakaguzi wanakuja, si unajua mashindano ya nyumba ya mfano."

Fundi alichomoa pini ya kwanza mdomoni, akaichoma kwenye mto wa pini taratibu, kama mtu anayejua anamchoma nani.

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza.

Halafu sauti ikasema, chini kidogo, "Mlango haufunguki wote."

Fundi akachomoa pini ya pili.

Huyo wifi ni dada mkubwa wa mume wake, na mtaa mzima unamwita Mwenyekiti. Ni mwenyekiti wa kamati ya usafi, ndiyo, lakini hata asingechaguliwa na mtu angekuwa mwenyekiti tu, kwa namna anavyosimama. Ni mwanamke anayeweza kukusalimia vizuri, kukuuliza hali ya watoto, na wakati huohuo kidole chake kinapita juu ya fremu ya mlango wako kutafuta vumbi. Akiingia nyumbani kwa mtu huvuta hewa puani mara mbili kabla ya kukaa. Sebuleni kwake mwenyewe unaweza kujiona uso kwenye sakafu, na wengi wamejiona, na hawakupenda walichokiona.

Miaka miwili nyuma, Fundi alisafiri wiki tatu kwenda kumuuguza mama yake. Chumba chake cha kushonea kiko ubavuni mwa nyumba ya mama mkwe, na ufunguo wa akiba alikuwa nao Mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa ametoka kwenye semina ya siku moja kuhusu usafi wa makazi, ana cheti na chupa ya maji waliyomgawia, na mikono ilikuwa inamwasha. Akaingia kusafisha. Kwa mapenzi, alisema.

Ukutani mwa chumba kile zilikuwa zinaning'inia karatasi za kukatia, zile mafundi huziita paterni. Fundi alizikata kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa vumbi na kupigwa pasi, kwa sababu karatasi ile ni ngumu, haichaniki ovyo, na kila anayejenga huitupa bure. Kila mteja alikuwa na yake, jina juu, na pembeni kwa penseli mambo ambayo mtu humwambia fundi wake tu. *Bega la kushoto limeshuka. Usimbane tumboni, anasema amekonda. Huyu ongeza pindo, bado anarefuka.* Zilikuwa thelathini na nane. Kazi ya miaka kumi na mitano.

Fundi aliporudi, ukuta ulikuwa mweupe kama meno ya tangazo.

"Mimi nilifagia vumbi tu, wifi," Mwenyekiti alisema. "Karatasi sikuziona. Labda panya."

Panya hao walikuwa na adabu. Walikula paterni thelathini na nane na kuziacha hanga zake zimepangwa kwa saizi.

Basi Fundi akabaki kuwaeleza wateja kwamba vipimo vimepotea, na neno *vimepotea* halina mtu ndani yake, kwa hiyo watu walimweka yeye. Ilisemekana hana mpangilio. Ilisemekana mtu anayeshindwa kutunza karatasi atatunzaje kitambaa cha harusi. Wakahamia kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye anashona shingo zote kama za chupa. Mama mkwe naye alitoa hukumu, kwamba huyu ni mtu wa kupoteza vitu, akiwa anachambua mchele, bila hata kuinua macho. Mume, fundi bomba, mtu mpole ambaye wote wanamwita Bomba tu, alimshika mkono usiku ule na kusema, "Mke wangu, tuyaache. Mdomo wa dada ukishafunguka hauna koki."

Fundi aliyaacha kwa mdomo. Moyoni aliyakunja vizuri akayaweka. Hakutaka fidia, na samahani ya kunong'onezwa jikoni hakuitaka kabisa. Alitaka mdomo uleule uliosema panya useme, mbele ya watu, *nilichukua kazi yake bila kumuuliza*. Sentensi yenyewe ni fupi. Alikuwa ameipima miaka miwili, kila jioni, kama kitambaa cha mtu ambaye hajaja kukichukua.

Na kwa kuwa wateja walipungua na tumbo halikupungua, alianza kupita nyumba za watu kuomba nguo wanazotaka kutupa. Huwezi kuomba nguo bila kufungua kabati, na kabati la mtu likifunguka linaanguka. Akajikuta anapanga. Taulo zilizochakaa alizikata kuwa matambara, watu wakaacha kununua karatasi za kufutia. Mikono ya mashati ikawa mifuko ya kunde, jinzi zikawa vikapu vya sokoni, chupa za jamu zikabeba vifungo na bizari, makatoni ya viatu yakagawa droo. Vioo alisafisha kwa siki na gazeti. Mwanzoni walimcheka, halafu wakawa wanamwekea zamu.

Alikuwa na mafungu matatu: la kubaki, la kuhama na la kugeuka. La kutupa halikuwepo, ukilitafuta utatafuta peke yako. Na alikuwa na kanuni moja ambayo hakuna mteja aliyewahi kumpunguzia: mwenye nyumba anakaa kwenye kiti, anashika kila kitu mkononi, anasema ni cha nani na mara ya mwisho kilifanya kazi lini. Kitu kisichotajwa hakihami. Watu walidhani ni ujanja wa kazi. Haukuwa ujanja, lilikuwa kovu.

Pini ya nne ilipotoka, Fundi alisema kwenye simu, "Kwani gari la taka limeenda wapi, wifi?"

Alikuwa anajua. Tangu mwaka mpya gari la taka linachukua mifuko miwili kwa nyumba kwa wiki, basi, na mizigo mikubwa halibebi. Kanuni hiyo ilipitishwa na kamati ya usafi, na mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa mwenyekiti wake.

"Usinitanie, wifi," Mwenyekiti alisema.

"Sikutanii. Nitakuja Alhamisi asubuhi. Ila nafanya kazi uani, mchana, na wewe unakaa kwenye kiti. Na watu wa nyumbani wawepo."

"Wa nini?"

"Wa kubeba."

Alhamisi saa tatu walifika. Fundi alitangulia na mkasi, futi ya kupimia shingoni, chaki na kifurushi cha viroba vitupu. Bomba alifuata akisukuma mkokoteni wake wa mabomba. Mama mkwe aliletwa na kiti chake, akawekwa kwenye kivuli cha ukuta, maana alisema hawezi kukosa kuona chumba ambacho yeye mwenyewe, mama mzazi, ameambiwa miaka sita kwamba kinapakwa rangi.

Bomba alipiga bega mlango wa chumba cha wageni. Ulifunguka nusu, ukaguna, na kutoka ndani kikaja kimto kimoja kikiviringika polepole mpaka miguuni mwa mama mkwe, kama kimetumwa kusalimia.

"Shikamoo yako nimeipokea," mama mkwe akakiambia kimto.

Ndani palikuwa na harufu ya dawa ya nondo na mpira wa zamani. Kitanda kilikuwepo, walisema, lakini ilikuwa habari ya kusikia tu. Juu yake na chini yake na pembeni yake palijaa mpaka kwenye waya wa taa. Kila kitu ambacho sebule ile ya kung'aa ilikuwa imekikataa kilikuwa kimekuja kulala hapa. Jumba la Mwenyekiti lilikuwa safi kwa njia ya kufunga mlango.

"Kaa, wifi," Fundi alisema, akamwekea kiti katikati ya ua, uso ukiangalia geti.

Chupa ya chai ya kwanza ilitoka haina kifuniko. Fundi akamkabidhi kama anakabidhi mtoto mchanga.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Mara ya mwisho ilifanya kazi lini?"

"Wifi, si tuendelee tu."

"Hakihami bila kutajwa."

Mwenyekiti alitazama ukuta. "Kabla sijahamia hapa."

"Ya kugeuka. Itakuwa mtungi wa miiko." Fundi akatoa ya pili, nayo haina kifuniko. Halafu ya tatu. Zilipofika saba alizipanga kwenye mstari juu ya sakafu ya ua. "Wageni wa kulala hawakuja, lakini chai yao ilikuwa tayari," alisema, na mama mkwe akacheka mpaka akashika ubavu.

Zilitoka pasi tano zilizoungua, zote zikisubiri fundi ambaye hajazaliwa. Ulitoka mfuko wa plastiki wenye mifuko ya plastiki, nayo ndani ina mifuko mingine, mpaka Bomba akaanza kuihurumia. Yakatoka makopo ya aiskrimu, mengi kiasi kwamba mama mkwe aliuliza kama kuna duka lilifilisika. Zawadi za harusi zilitoka bado zina karatasi zake, na Mwenyekiti akalazimika kusema kwa sauti zilitoka kwa nani na kwa nini hazijafunguliwa.

"Nilijua ni glasi," alisema.

"Ulijuaje?"

"Zinalia ukitikisa."

"Sasa hazilii," Bomba alisema, akitikisa. "Sasa zinamwagika."

Fundi alifanya haya yote bila kupandisha sauti, na hapo ndipo ungejua ni mtu hatari. Vitu vya fungu la kuhama hakuviweka ndani ya ua. Alivipanga nje, kando ya uzio, upande wa njia ambayo watu hurudi nayo kutoka sokoni saa nne na nusu. Alikuwa amepiga hesabu ya saa hiyo vizuri tu.

"Wifi, geti lifungwe basi," Mwenyekiti alisema, akijipepea kwa kifuniko cha kopo.

"Likifungwa, vitu vitahamaje?"

"Watu wanapita."

"Na vitu vinahamia wapi, wifi, kama si kwa watu?"

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwalimu, jirani mstaafu, mrefu, bega moja chini ya jingine, na kikapu cha mboga mkononi. Aliangalia ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye uzio. Akaisogelea. Akageuza pembe yake moja.

"Hii ina alama ya msumari wangu," alisema.

"Mwenye nyumba atataja," Fundi alisema. "Wifi, hii ngazi ya nani?"

Mwenyekiti alijaribu kucheka. "Si niliazima siku ile ya kubadilisha balbu, Mwalimu. Nilikuwa nairudisha."

"Balbu ipi?" Mwalimu aliuliza kwa upole wa darasani. "Nilishanunua ngazi nyingine. Nayo imezeeka."

Habari ya ngazi ilikwenda sokoni ikarudi na watu. Mwanamke wa duka la kona akaona kigoda chake. Kinyozi akaona mwavuli. Kila aliyefika, Fundi alimgeukia Mwenyekiti na kuuliza swali lilelile, kwa sauti ileile, *hiki cha nani, wifi*, na Mwenyekiti akataja, na kila alipotaja kiti kilionekana kumpungua chini yake. Fundi aliona wifi yake akijifuta jasho kwa ukingo wa gauni. Akaona ni vizuri. Akanywa maji.

Kisha Bomba akatoka na sufuria kubwa, ile ya kupikia shughuli, imejaa vitambaa vya meza. Akaifuta kwa mkono. Mama mkwe akainuka bila kusaidiwa, jambo ambalo hakulifanya tangu msimu uliopita.

"Sufuria yangu."

Mama mkwe alimgeukia Fundi. "Nilikusema wewe. Nilisema umeiazimisha ovyo ikapotea."

"Mlinisema, mama."

"Mpaka kwenye harusi ya binamu yao."

"Na kwenye msiba pia."

Mama mkwe akakaa tena, na sufuria akaiweka mapajani, na kuanzia hapo hakumwangalia binti yake kwa jicho la mama, alimwangalia kwa jicho la mtu aliyeibiwa.

Kama Fundi angekuwa mtu wa kutosheka upesi, angetosheka hapo. Lakini sufuria ilikuwa ya mama mkwe, ngazi ya Mwalimu, na yeye cha kwake hakijatajwa.

Saa sita vitu vidogo vya fungu la kubaki vilikuwa vimejaa beseni: vijiko, mishumaa, kamba, funguo zisizo na kufuli. Fundi alikata makatoni ya viatu ili ayafanye vigawanyo vya droo. Akachukua futi yake.

"Nakwenda kupima droo za jikoni."

"Jikoni hakuna shida," Mwenyekiti alisema, akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama siku hiyo. "Jikoni kumepangwa, wifi. Nipe nitapanga mwenyewe."

"Kaa."

"Nimesema jikoni usi..."

"Dada, kaa kwanza," Bomba alisema, kwa sababu alikuwa amebeba godoro na dada yake amesimama njiani.

Fundi alivuta droo ya kwanza. Vijiko vimelala kwenye mstari, vimenyooka kama wanafunzi siku ya mkuu wa wilaya. Chini yake imetandikwa karatasi ya kaki, imekatwa sawasawa na ukubwa wa droo. Hakushtushwa na karatasi. Kaki ni kaki. Alichokijua ni mkato: kona moja ya karatasi ile ilikuwa na mviringo wa kwapa, na mviringo ule mkono wake ungeutambua gizani. Alisogeza vijiko. Penseli ilikuwa bado inasomeka.

*Mwalimu. Bega la kushoto limeshuka.*

Akavuta ya pili. Uma zilikuwa zimelala juu ya kiuno cha mama muuza samaki. Akafungua kabati. Vikombe vilisimama, mikono yote upande mmoja, juu ya *usimbane tumboni, anasema amekonda*. Rafu baada ya rafu, nyumba ile ya mfano ilikuwa imetandikwa wateja wake.

Ndipo akakumbuka kikao cha kamati cha mwaka jana. Mwenyekiti alisimama mbele akawaambia watu wasinunue plastiki za kutandika kwenye makabati, watumie karatasi zilizopo nyumbani, tuyalinde mazingira. Watu walipiga makofi. Fundi alikuwepo, kiti cha nyuma, na alipiga makofi pia, kwa sababu wazo lilikuwa zuri.

Miaka miwili alikuwa akiziwazia zikioza dampo. Kuoza alishakuzoea. Kumbe zilikuwa hapa, kavu, mwendo wa dakika nane kutoka mashine yake, na wifi yake alikuwa amezikata kwa mkasi ili zitoshe. Alimkata Mwalimu kiunoni. Mtoto aliyeandikiwa *bado anarefuka* alikatwa magotini.

Fundi hakupiga kelele. Alitoa vijiko kimoja kimoja akaviweka mezani. Kisha akaing'oa droo yenyewe, nzima, akaibeba mpaka uani, akaiweka mapajani mwa Mwenyekiti.

"Hiki ni cha nani, wifi?"

Mwenyekiti aliangalia ndani ya droo kama mtu anayeangalia kisima.

"Ni karatasi za saruji," alisema.

"Za nani?"

"Takataka tu. Nilidhani..."

"Sijauliza ulidhani nini. Kitu kisichotajwa hakihami." Fundi akaokota kimto kile cha asubuhi, akakiweka chini, akakaa juu yake, akavuka miguu. "Na kisipohama hiki, hakihami kingine. Mimi nimeishia hapa. Leo Alhamisi."

Watu waliokuja kuchukua vyao walikuwa bado wapo; mtu hakimbilii kwenda kupika wakati kama huo. Vitu vya Mwenyekiti vilikuwa vimetapakaa kuanzia mlango wa chumba mpaka nusu ya njia: pasi, godoro, makopo, magauni ya ujana wake. Mkaguzi akija angehitaji ramani.

Mwenyekiti akamgeukia mdogo wake. "Mwambie mkeo."

Bomba alishusha godoro. Aliangalia droo, akaisoma, midomo ikienda taratibu. Alikuwa mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kumpinga dada yake hata kuhusu hali ya hewa.

"Dada," alisema, "taja."

Mwenyekiti akasema kitu, ila kilifika kidevuni kikaishia hapo.

"Mama hasikii vizuri," Fundi alisema.

"Nasikia vizuri sana," mama mkwe akasema kutoka nyuma ya sufuria. "Lakini aseme tena."

"Niliingia chumbani kwake bila kumuuliza," Mwenyekiti alisema, sasa kwa sauti ya kikao, kwa sababu hakuwa na nyingine kubwa. "Nikachukua kazi yake. Nikasema sikuiona. Nikaacha watu wamseme."

Mwalimu aliinama akachungulia droo, akagusa bega lake la kushoto.

"Kumbe nililala na vijiko vyako," alisema.

Hapo Fundi alipaswa kushiba. Alisubiri ile raha aliyoiota ije, na ilikuja, lakini ilipofika kwenye uzio ikasimama. Nyuma ya uzio kulikuwa na wateja thelathini na saba ambao hawakuisikia. Alikuwa ameipima sentensi ile miaka miwili, na alipoikata ikawa fupi.

"Sawa," alisema. "Karatasi zenyewe umeshazikata, hazina kazi. Na watu wamebadilika, wengine wamenenepa wengine wamerefuka. Nitapima upya wote. Utakwenda na mimi, mlango kwa mlango, wewe ndiye wa kuandika. Na kila mlango utasema ulivyosema sasa hivi, kabla sijatoa futi."

"Wifi, nyumba thelathini na nane?"

"Thelathini na saba. Mwalimu yuko hapa."

Mwenyekiti aliangalia ua wake, akaangalia njia, akahesabu siku. Akakubali kwa kichwa. Fundi akasema kichwa hakisikiki, akakubali kwa mdomo.

Kazi iliyobaki Fundi aliifanya vizuri, maana mkono wake haujui kulipua. Ijumaa jioni kitanda kilionekana, kumbe kina maua ya kuchonga kichwani. Nguo zilikwenda kwa wenye kuzihitaji, zilizochanika zikakatwa matambara, vyuma vikachukuliwa na mchomeleaji, chupa za chai zikasimama jikoni na miiko ndani. Gari la taka lilipopita lilikuta mfuko mmoja, na haukujaa. Jumamosi wakaguzi walipenda sana. Mmoja aliuliza kwa nini droo hazijatandikwa, wakati mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Mwenyekiti akasema anazipa hewa. Akashika nafasi ya pili.

Jumatatu wakaanza. Fundi mbele na futi shingoni, Mwenyekiti nyuma na daftari na penseli, amevaa viatu visivyo vya kutembea. Mlango wa kwanza alisema maneno yote huku akitazama kizingiti. Wa pili mwenye nyumba hakujibu, akamwangalia juu mpaka chini, kisha akamkaribisha Fundi peke yake kwenye kiti. Kufikia wa tano, Mwenyekiti alikuwa ameanza kupata uzoefu, na uzoefu ukamletea ujanja.

Mlango wa sita ulifunguliwa na mama aliyekuwa wa kwanza kuhamia kwa fundi wa mtaa wa pili, akiacha nyuma maneno yaliyozunguka mtaa mzima.

"Tumekuja kuchukua vipimo upya," alisema haraka. "Kuna karatasi zilipotea."

Fundi alibaki nje ya kizingiti. Futi hakuitoa shingoni.

"Zilipoteaje, wifi?"

Mama wa mlango akamtazama huyu, akamtazama yule, akaanza kuelewa kwamba kuna kitu kizuri. Basi Mwenyekiti akasema, kuanzia *niliingia chumbani kwake bila kumuuliza* mpaka *nikaacha watu wamseme*, bila kuruka. Mama alisikiliza mdomo wazi. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani.

"Dada, hebu njoo usikie hili."

"Rudia, wifi," Fundi alisema. "Mwenye nyumba amepata mgeni."

Akarudia. Yule mama alikuwa ameshaanza kujieleza, kwamba yeye hakuwahi kuamini kabisa, kwamba watu ndio walisema, na je, gauni la mwezi ujao linawezekana? Fundi alimgeuza taratibu kwa mabega, akamwekea futi mgongoni.

"Linawezekana. Kuna foleni, utakuwa nyuma ya Mwalimu. Bega, kumi na sita. Andika."

Mwenyekiti akaandika.

"Kiuno," Fundi alisema, akavuta futi, akasoma, akalegeza kidogo kwa ajili ya heshima ya mwenye kiuno. Penseli ilimsubiri. Zilikuwa zimebaki nyumba thelathini na moja, na Fundi hakuwa na haraka yoyote.